Mzee Mshamu Apima Pombe

Tangazo lenyewe lilikuwa la mistari miwili tu, kwa mwandiko mzuri wa Mwalimu Hanifa, limebandikwa kwenye ubao wa sekondari ya kata: "Jumatatu kidato cha nne tutapima alkoholi nne. Kila mmoja aje na kopo."

Mwalimu Hanifa, binti wa Kibiti mjini, alikuwa anafundisha kemia na alimaanisha alichoandika. Alikuwa ameagiza kutoka Dar vichupa vinne, ukubwa wa chupa za dawa ya kikohozi: methanoli, ethanoli, propanoli na butanoli. Alitaka wanafunzi wachome kidogo kidogo cha kila kimoja chini ya kopo la maji, wapime maji yamepata joto kiasi gani, wajue ipi ina moto kuliko mwenzake. Hilo tu. Lakini Ruaruke, jamani, neno kupima lina mambo yake. Mafuta ya taa hupimwa dukani. Viwanja hupimwa na watu wa ardhi. Na pombe hupimwa kwa mama muuza: unakwenda na kopo lako, unasema "nipimie," unapimiwa. Sasa mwalimu mzima anatangaza kwamba Jumatatu atapima aina nne, tena watoto waje na makopo! Tangazo likapigwa picha, picha ikaingia kwenye kundi la kijiji la simu, na kabla ya adhuhuri walevi watatu wa kutegemewa walishafika langoni mwa shule, makopo yao yameoshwa yanameta, wanauliza foleni inaanzia wapi.

Habari zilimfikia Mzee Mshamu akiwa anatawadha. Alimaliza kutawadha kwa hasira, na kama umewahi kumwona mtu akitawadha kwa hasira utajua kwamba maji mengi hayakufika yalikokusudiwa.

Mzee Mshamu alikuwa mwenyekiti wa bodi ya shule na mtu wa safu ya mbele msikitini. Chuki yake na pombe haikuwa ya kusoma vitabuni. Pombe ilimchukulia mdogo wake, Dulla, fundi baiskeli ambaye yeye mwenyewe hakuwa na baiskeli kwa sababu alishaiuza akainywa. Siku ya maziko ya mama yao Dulla alikuja amelewa chakari, akateleza kwenye udongo mbichi, akatangulia kuingia kaburini kabla ya marehemu. Watu walimtoa kwa kamba. Wengine walicheka, hawakuweza kujizuia, na kile kicheko ndicho kilichomwingia Mshamu kwenye mfupa. Akaapa palepale, mchanga ungali mkononi: "Kuanzia leo sina ndugu, mpaka atakapoacha pombe. Na mkono wangu huu hautagusa pombe, hata kwa kuimwaga."

Tangu hapo Dulla akawa "yule bwana". Wakikutana njiani, Dulla husimama pembeni akasema, "Shikamoo kaka," na Mzee Mshamu huitazama mikorosho kana kwamba anaihesabu. Miaka imepita hivyo. Dulla hakuchoka kuamkia, na Mshamu hakuchoka kutazama mikorosho.

Basi akaingia ofisini kwa mwalimu bila kubisha hodi.

"Mwalimu, hapa Ruaruke hapapimwi pombe!"

"Shikamoo mzee," alisema Hanifa. "Siyo pombe ya kunywa. Tunaichoma."

"Marahaba. Mnaichoma, halafu?"

"Inachemsha maji."

"Halafu maji mnakunywa."

"Hapana mzee, tunayamwaga."

Mzee Mshamu akahesabu kwa vidole. "Mnanunua kitu ghali, mnakiteketeza, mnapata maji ya moto, mnayamwaga. Hiyo ndiyo inaitwa elimu?"

"Mzee, tunataka kujua ipi ina joto zaidi."

"Si ungeniuliza mimi? Pombe zote zina joto. Nimeona watu wanavua mashati."

Hanifa alijaribu kueleza. Wala hakuachiwa nafasi. Mzee alishalikumbatia boksi la vichupa, kalifunika kwa kanga aliyoikuta kwenye kiti, na kanga yenyewe ilikuwa ya mwalimu. Vichupa vitakaa kwake mpaka bodi ikutane. Mwalimu akamfuata mpaka mlangoni, sauti imebadilika.

"Mzee, chukua, lakini nisikilize kwa hili moja. Kimoja humo ni methanoli, ile ni sumu. Mtu akiinywa inampofua macho, inamuua, na saa za mwanzo hajisikii lolote. Nakuomba vichupa visichanganywe."

"Nani atakunywa nyumbani kwangu?" alisema Mzee Mshamu, akaenda zake.

Nyumbani Bi Zabibu, mkewe, alipoona boksi na kilichomo alicheka mpaka akashika ukuta. "Leo mume wangu amenifungulia baa! Niweke viti nje?"

"Usinitanie, Zabibu."

Hapo ndipo shida ilipoanza. Kuvimwaga hakuweza, kiapo kinamkataza, na tena ni mali ya serikali. Kuviweka nako hakukufaa, vilikuwa vimeandikwa ubavuni, herufi kubwa za Kizungu, hilo neno lenyewe, alkoholi. Imamu Husseini akija kuazima jamvi stoo? Malaika je, hawasomi? Mzee Mshamu aliwaza, akawazua, akaja na ufumbuzi aliouona wa busara kabisa. Alivishika vichupa kwa kitambaa, akavilaza kwenye beseni la maji, akasubiri karatasi zilainike, akazimenya moja moja kama anavyomenya mhogo. Karatasi akazitia jikoni, zikaungua. Vikabaki vichupa vinne vya maji meupe, havina jina wala aibu, vinafanana kama watoto wa tumbo moja. Akavipanga juu ya gunia la mpunga, akalala usingizi mzuri.

Alisahau kitu kimoja: kundi la simu. Jioni ile Ruaruke nzima ilijua kwamba pombe imehama shuleni, sasa iko kwa Mzee Mshamu.

Kesho yake asubuhi mzee alikwenda kutazama korosho zake, na Bi Zabibu alikwenda kumjulia hali jirani aliyejifungua. Mzee aliporudi alikuta mtu amekaa barazani kwake, kwenye jamvi lake, ameegemea nguzo yake kwa raha zote.

"Shikamoo kaka," alisema Dulla. Akanyanyua kichupa kitupu, kinameta. "Nimekisuuza, usiwe na wasiwasi. Na masuuzo nimekunywa, nisikuchafulie uwanja."

Mzee Mshamu alitazama mikorosho. Kisha maneno ya mwalimu yakamrudia, moja baada ya jingine.

"Zabibu!" alipiga kelele, maana Bi Zabibu ndiyo kwanza alikuwa anaingia uani. "Muulize yule bwana amekunywa kichupa kipi!"

"Dulla, shemeji, kaka yako anauliza umekunywa kichupa kipi?"

"Mwambie kaka, cha kulia."

"Muulize, kulia kwa nani?"

"Kulia kwangu mimi, lakini nilikuwa nimeingilia dirishani."

"Muulize ilikuwa na ladha gani!"

Dulla alifikiri, jicho moja kalifumba, kama mtu aliyeitwa kutoa ushahidi. "Nyepesi. Haina kelele. Lakini siwezi kulinganisha, hizo nyingine sijazionja. Mkinipimia kidogo kidogo nitawaambia."

Walimbeba mzobemzobe mpaka zahanati, pamoja na vichupa vilivyobaki, yeye anacheka, anawaamkia watu njiani. Tabibu Faraji alimtazama macho, akampima mapigo, akasema hali yake ni nzuri kuliko ya kaka yake. Mwalimu Hanifa akaitwa, akaja mbio na viatu mkononi. Alipoviona vile vichupa vitatu vilivyobaki, vyeupe, havina maandishi, alikaa chini kwenye ngazi.

"Mzee, karatasi ziko wapi?"

"Nilizimenya."

"Ulizimenya?"

"Ilikuwa aibu," alisema Mzee Mshamu, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Sikujua kama jina lina kazi."

"Basi hukumbuki ipi ilikuwa wapi? Hata herufi?"

"Zote zilikuwa zinaishia na noli, mwanangu. Noli, noli, noli, noli."

Faraji alikuwa amepiga simu hospitali ya wilaya, anasikiliza, anaitikia, uso unazidi kukunjamana. Gari la wagonjwa limeshaondoka Kibiti, lakini mvua zilizonyesha zimeifanya barabara kuwa uji, na halitafika upesi. Alipokata simu aliwaeleza wazi, maana uwanja ulishajaa watu na hapakuwa na namna ya kuficha. Kama Dulla amekunywa ethanoli, ni ulevi wa kawaida, atalala, kichwa kitamuuma. Kama ni methanoli, sasa hivi anacheka, lakini baadaye macho yataingia ukungu, na huenda kesho tukamzika. Dawa ipo. Dawa yenyewe ni ethanoli.

"Ndiyo ipi hiyo?" aliuliza Bi Zabibu.

"Pombe," alisema Faraji. "Ile ya kawaida, lakini safi. Mwili ukizikuta zote mbili unashughulika kwanza na ethanoli, na methanoli inakaa foleni bila kuwa sumu, mpaka tumfikishe hospitali. Ile gongo ya vichochoroni daktari amekataa kabisa, hatujui ndani mna nini."

Nyuma ya umati walevi watatu wakapigana makonzi ya furaha. "Dawa ya pombe ni pombe! Tumesema miaka mingapi?"

"Nyamazeni!" alisema Hanifa. Alikuwa amesimama. "Tatizo ni hili. Dawa inaweza kuwa hapa mezani, kwenye kimojawapo. Na sumu nayo inaweza kuwa hapa hapa. Tukikosea, tunammalizia."

Akavifungua vichupa akanusa. Cha kwanza kilimfanya akunje pua: kilinuka ndizi zilizooza, butanoli bila shaka. Cha pili kilinuka kama pamba ya kuchomea sindano, propanoli. Cha tatu akanusa, akanusa tena, akatikisa kichwa. Methanoli na ethanoli zinanuka ndugu, pua haiwezi kuapa. Wakasema basi anuswe Dulla. Ilikuwa ni kupoteza muda. Pumzi ya Dulla ilikuwa na mambo mengi ya tangu zamani, hata nzi walikuwa wanapita mbali. Na kichupa kitupu kilishasuuzwa na masuuzo yakanywewa.

"Kwa hiyo?" aliuliza Mzee Mshamu.

Mwalimu Hanifa akamtazama mwenyekiti wa bodi yake moja kwa moja usoni. "Kwa hiyo mzee, itabidi tupime."

Makopo hayakuwa shida. Walevi watatu walikuwa nayo, masafi, na waliyatoa kwa moyo mmoja. Faraji akaleta bomba la sindano lisilo na sindano na kipimajoto kirefu cha kioo. Kifuniko cha kopo la kiwi kikawa jiko. Hanifa akatia maji kwenye kopo, akalisimamisha juu ya mawe matatu madogo, akavuta propanoli kwa bomba, akaimimina kifunikoni, akawasha. Kwa kuwa propanoli anaijua kwa harufu, itakuwa ndiyo rula yake. Moto ukawaka, ukacheza, ukafa. Maji yalikuwa yamepanda nyuzi thelathini.

"Sasa sikilizeni," alisema, na Ruaruke yote ikasikiliza kuliko kidato cha nne walivyowahi kumsikiliza. "Namimina hiki kisichojulikana, kiasi kilekile, na maji mengine baridi, nayo kiasi kilekile. Methanoli ni mvivu wa familia, haina joto kubwa. Ikiishia nyuzi ishirini, basi methanoli ndiyo hii hapa, na mjomba Dulla amekunywa ethanoli, tumwache alale. Ikifika ishirini na sita, hii ni ethanoli. Maana yake methanoli iko tumboni kwake."

"Ishirini," alisema Mzee Mshamu.

"Ndivyo tunavyoomba, mzee."

Moto ukawaka, wa buluu, hafifu, jua lilikuwa linaufuta usionekane. Hanifa akawa anasoma kwa sauti nyuzi zilizopanda kwenye kipimajoto. Nyuzi tano. Nyuzi tisa. Umati ukaanza kuusihi ule mstari mwembamba ndani ya kioo kana kwamba una masikio. "Pole pole! Usikimbie!" Nyuzi kumi na nne. "Simama hapo baba, simama!" Mtu mmoja akapendekeza wamwagie kopo maji baridi kwa nje. Nyuzi kumi na saba. Dulla mwenyewe, aliyekalishwa kwenye kiti kama bwana harusi, alikuwa amevutiwa na mchezo na anashangilia upande usiofaa: "Panda! Panda!" Nyuzi kumi na nane. Na moto bado unawaka.

Mzee Mshamu hakujua alivyofika pale. Alijikuta amepiga magoti mbele ya mawe matatu, mashavu yamejaa, na kabla mtu hajamshika alikuwa ameshapuliza. Fuu! Moto ukazimika.

"Imeishia kumi na nane!" alipaza sauti. "Mmeona? Haikufika ishirini! Mmeona wote?"

 Bi Zabibu alikuja akamshika bega.

"Mzee," alisema Hanifa taratibu, "ukiuzima moto hujaiondoa sumu. Umetuzuia kujua tu. Na kama hii ni dawa, umeipunguza."

Mzee Mshamu akajifuta uso kwa mkono wa kanzu. Miaka yote ile alikuwa amejizoeza kwamba hana ndugu, na alikuwa ameamini kwamba zoezi limekolea. Sasa alikuwa amepiga magoti mbele ya kopo la bati. "Nisamehe, mwanangu," alisema. "Pima tena."

Safari hii Hanifa alimpa kipimajoto akishike yeye, asome yeye, ili mdomo wake uwe na kazi nyingine. Akasoma. Kumi. Kumi na tano. Kumi na nane. Ishirini, na umati mzima ukavuta pumzi na kuishikilia, na ile nyuzi ya ishirini ikapitwa kama kituo ambacho basi halina abiria wa kushusha. Ishirini na mbili. Ishirini na nne. Moto ukaanza kufifia, ukabaki kijicho, ukafa.

"Ishirini na sita," alisema Mzee Mshamu.

 Dulla alitazama nyuso za watu moja baada ya nyingine, na kicheko kikamtoka taratibu kama maji kwenye mtungi uliotoboka.

"Ishirini na sita ndiyo mbaya?" aliuliza.

"Ndiyo mbaya, mjomba," alisema Hanifa.

 Dulla akamwita Imamu Husseini, na sauti yake haikuwa ya mlevi hata kidogo. Akasema anataka kutubu, hapo hapo, mbele ya watu wote, maana mbele ya watu wote ndiko alikoharibu. Imamu akamshika mkono, akamwongoza maneno, na Dulla akayafuata hatua kwa hatua, machozi yanamtiririka, akaahidi kwamba tone la pombe halitapita tena mdomoni mwake mpaka anaingia kaburini, "na safari hii nitaingia kwa utaratibu." Umati ukaitikia takbiri. Wanawake wakalia. Mmoja wa wale walevi watatu akaliweka kopo lake chini, akalitazama kwa mawazo.

Mzee Mshamu alisimama kando. Jambo aliloliomba kila sala kwa miaka lilikuwa limetokea mbele ya macho yake saa nne asubuhi.

Tabibu Faraji akaja mbio na kopo. Alikuwa amechanganya kipimo cha kwanza cha ethanoli na maji ya dafu kama alivyoelekezwa kwa simu. "Haya, Dulla. Kunywa upesi."

"Ni nini hiyo?"

"Dawa. Ile pombe safi."

Dulla akarudisha uso nyuma. "Siinywi."

"Unasema?"

"Nimetubu sasa hivi, mate hayajakauka. Mnataka nife mlevi?"

"Usipokunywa ndiyo utakufa!"

"Nitakufa nimeacha."

Loo! Hapo sasa kilizuka kizaazaa ambacho Ruaruke haijawahi kukiona. Kijiji kizima, waliokuwa wakimsihi Dulla aache, wakaanza kumsihi anywe. Bi kizee mmoja aliyewahi kumchapa kwa mwiko kwa ulevi wake alimpigia magoti: "Kunywa mwanangu, kunywa kidogo tu." Watoto wakaimba, "Kunywa! Kunywa!" Mtu akamshika pua. Walevi watatu, kwa nia njema tupu, wakajitolea kumwonyesha jinsi inavyonywewa, wakafukuzwa. Imamu Husseini akapaza sauti juu ya zogo: "Dulla, hii ni darura! Roho inaokolewa kwanza. Ni dawa, haina dhambi, mimi nakwambia kama imamu wako."

"Kwa imamu nimesikia," alisema Dulla. "Na Mungu najua ni mwingi wa rehema, atanielewa. Mimi sihofii huko." Akatazama kando ya umati. "Kaka ndiye aliyeapa. Alisema hana ndugu mpaka niache. Sasa nimeacha, mnaona wenyewe, tangu dakika ile nina kaka. Nikinywa tena, si itakuwa nimeanza upya? Afadhali nife ninaye."

Kelele zikakatika. 

Mzee Mshamu akapita katikati ya watu. Akasimama mbele ya kiti. Akamwomba Faraji lile kopo, akalimwaga chini, na Faraji akashika kichwa. "Nionyeshe unavyopima," alisema mzee. "Kiasi gani?"

Faraji akamwonyesha alama kwenye bomba. Mzee Mshamu akakikamata kichupa kwa mkono mtupu, bila kitambaa, akavuta ethanoli mpaka kwenye alama, jicho limekazwa, na tone moja likamwagikia vidoleni. Hakulifuta. Akamimina kwenye kopo, akajaziliza dafu, akakoroga kwa kidole.

"Mimi ndiye niliyemenya majina," alisema. "Pombe haikukutia sumu, ni mimi. Na kile kiapo nimekivunja, tazama mkono wangu umelowa, kafara yake nitaijua mwenyewe na imamu. Nimekupimia mimi. Kunywa, mdogo wangu."

Dulla akalipokea kopo kwa mikono miwili. Akanywa lote, kisha akakunja uso.

"Umeniharibia na dafu, kaka," alisema.

Gari la wagonjwa lilifika likiwa limepakwa tope mpaka kwenye vioo. Ndani nafasi ilikuwa ndogo, lakini Dulla alikataa katakata kupokea kopo kutoka mkono mwingine, kwa hiyo Mzee Mshamu, mwenyekiti wa bodi, mtu wa safu ya mbele, akapanda na kanzu yake, kichupa kwenye goti moja na bomba kwenye goti jingine. Hanifa alichana kipande cha karatasi ya daftari, akaandika kwa herufi kubwa ETHANOLI, akakibandika kwenye kichupa kwa plasta ya Faraji. Mzee mwenyewe ndiye aliyebonyeza plasta ishike.

Njiani gari lilikwama, likasukumwa, likakwama tena. Vijana waliokuwa wanasukuma walichungulia dirishani wakamwona mzee amenyanyua bomba kwenye mwanga, anafumba jicho moja.

"Mzee Mshamu! Unafanya nini humo?"

"Nampimia mdogo wangu pombe," alijibu. "Sukumeni!"

Kila baada ya muda alikuwa anainama mpaka uso wake unakaribia uso wa Dulla, kwa sababu Faraji alimwonya kwamba ukungu huanzia machoni.

"Dulla. Unaniona?"

"Nakuona kaka."

Gari likaruka shimo. Mzee akakikumbatia kichupa, akangoja, akainama tena. "Bado unaniona?"

"Mimi siku zote nilikuwa nakuona, kaka," alisema Dulla. "Wewe ndiye ulikuwa unatazama mikorosho."

Mzee Mshamu akakifungua kichupa. Akavuta bomba mpaka kwenye alama, akampimia.